Kompyuta Kuukuu: Tuisafishe Kabla ya Kununua Mpya

SOMO LA KIKUNDI



Siku hizi vikundi vyetu vingi vina kompyuta. Nyingine ililetwa na mtoto anayefanya kazi Nairobi alipojipatia mpya. Nyingine ilinunuliwa dukani ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo, zile tunazoziita "ex-UK". Mara nyingi inakaa nyumbani kwa katibu au kwa mweka hazina, na watoto wa boma hilo wanaitumia pia kwa masomo na kwa sinema.

Humo ndani mna mambo mazito: majina ya wanachama, akiba ya kila mmoja, nani amekopa na amebakisha ngapi, kilo za maembe zilizopelekwa sokoni, madebe ya asali. Halafu mashine inaanza kuchelewa. Unaiwasha, unaenda kulisha kuku, unarudi, bado inazunguka tu. Siku ya mkutano mtu anasimama na kusema, "Tutoe pesa, tununue nyingine."

Huenda anasema kweli. Lakini ngojeni kwanza. Pesa hizo zingekuwa mkopo wa karo kwa mwanachama fulani, au mbegu kabla ya mvua. Kompyuta nyingi tunazosema zimezeeka zimechafuka tu na kulemewa. Isafisheni kwanza, mpime, ndipo muamue. Na kabla hata ya kuigusa kwa brashi, okoeni hesabu za kikundi.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili wanakikundi wataweza:
1. Kuhifadhi hesabu zao mahali zaidi ya pamoja.
2. Kuondoa vumbi ndani ya kompyuta bila kuiharibu.
3. Kuipunguzia mzigo ili ifanye kazi upesi.
4. Kuamua kwa pamoja kama inafaa kutengenezwa au kubadilishwa.

VITU VYA KUJA NAVYO: flashi mbili, brashi ya rangi iliyo laini, mpya na kavu, fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa, bisibisi ndogo ya nyota, kijiti kikavu, pampu ya mkono ya baiskeli kama ipo, kitabu na kalamu, na simu au saa ya kupimia dakika.

MUDA: alasiri moja.

MCHEZO MFUPI

(Watu wawili wasimame na kusoma mbele ya kikundi.)

KATIBU: Mama, hii kompyuta imetushinda. Nimeiwasha tangu ulipoinjika chai, mpaka sasa haijafunguka.

MWEKA HAZINA: Mwanangu, jana si ilifunguka?

KATIBU: Ilifunguka, lakini ikanguruma kama mashine ya kusaga unga, kisha ikajizima. Mimi naona tuseme mkutanoni inunuliwe nyingine.

MWEKA HAZINA: Na hesabu za tangu Januari ziko wapi?

KATIBU: Ziko humo ndani.

MWEKA HAZINA: Humo tu?

KATIBU: (anakuna kichwa) Humo tu, Mama.

MWEKA HAZINA: Basi acha habari ya kununua. Ikizima leo isiwake tena, nitawaambia akina mama nini? Kwamba akiba yao imelala ndani ya sanduku?

KATIBU: Kuna kijana pale sokoni anasema ataipiga fomati kwa bei nzuri, iwe kama mpya.

MWEKA HAZINA: Fomati ndiyo nini?

KATIBU: Ni kufuta kila kitu, Mama.

MWEKA HAZINA: Kila kitu! Na hesabu?

(Wanatazamana. Mwisho.)

Jadilianeni: Shida kubwa hapa ni gani, ni mashine kuchelewa au ni jambo lingine? Je, kwetu sisi hesabu ziko mahali pangapi? Nani ana ruhusa ya kumpa fundi kompyuta ya kikundi?

KWA NINI KOMPYUTA INACHELEWA?

Sote tunamjua punda wa maji. Mitungi minne anabeba, tena anatembea vizuri. Ongeza wa tano na wa sita, halafu mkalishe mtoto juu, atasimama njiani. Ukimpiga haendi. Hajazeeka, amelemewa.

Kompyuta ina mgongo wake, unaitwa memori. Kila programu unayofungua ni mtungi mmoja. Mgongo ukijaa, kompyuta inaanza kushusha mizigo kwenye diski na kuipandisha tena, na hapo ndipo unapoona inazunguka. Diski yenyewe ni ghala: ndimo vitu vinamolala hata umeme ukizimwa. Ghala likijaa mpaka mlangoni, huna pa kugeukia.

Sababu ya pili ni joto. Ndani kuna prosesa, sehemu inayofanya mahesabu yote, na ikifanya kazi inapata moto. Feni ndiyo inayoipoza. Vumbi likiziba feni, prosesa inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Moto ukizidi, mashine inajizima. Hapa kwetu, toka Juni mpaka Oktoba, upepo na vumbi haviishi. Kompyuta inayokaa karibu na dirisha la barabarani inakula vumbi lote hilo.

Sababu ya tatu ni diski iliyochakaa. Diski za zamani zina sahani inayozunguka, na kitu kinachozunguka huchoka.

KAZI YA KWANZA: NAKILI

Msiruke kazi hii hata kama mna haraka namna gani.

1. Nakilini folda zote za kikundi kwenye flashi ya kwanza. Nakili, usihamishe. Za kwenye kompyuta zibaki pale pale.
2. Fanyeni vivyo hivyo kwa flashi ya pili.
3. Chomekeni kila flashi kwenye kompyuta nyingine mnayoiamini na mfungue faili moja au mbili. Nakala ambayo hamjaifungua si nakala bado.
4. Flashi moja ikae kwa mweka hazina, nyingine kwa mwenyekiti. Zisilale nyumba moja. Moto au mwizi haji kuchukua nusu.
5. Andikeni kitabuni salio la kila mwanachama siku hiyo, na wenye kutia saini watie saini.

Kama kompyuta inatoa mlio wa ta-ta-ta kutoka ndani, diski huenda iko karibu kufa. Msiendelee kuiwasha na kuizima. Nakilini hesabu mara moja, kisha mwiteni fundi.

Kumbukeni pia kwamba orodha ya wanachama ina namba za vitambulisho na za simu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za mtu si za kuachwa ovyo. Flashi hiyo isiwe ya kuazimana wala ya kuwekea nyimbo.

KAZI YA PILI: PANGUSA

Zimeni kompyuta na mchomoe waya ukutani. Kama ni laptopu yenye betri ya kutoka, itoeni. Kisha mtu abonyeze kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Kabla ya kugusa ndani, gusa kwanza chuma cha sanduku kwa mkono. Mwili wa mtu hubeba umeme mdogo, hasa wakati wa kiangazi, na huo mdogo unatosha kuharibu vipande vya ndani.

Kompyuta ya mezani: Ibebeni nje kivulini, mahali pasipo upepo. Fungueni ubavu mmoja kwa bisibisi na muweke skurubu kwenye kikombe zisipotee. Pangusa vumbi kwa brashi pole pole kutoka juu kwenda chini. Ukifika kwenye feni, izuie kwa kijiti isizunguke, kisha safisha kila bawa. Pampu ya baiskeli inasaidia kupuliza pembeni. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina mate. Na msiipeleke kwa fundi wa pancha akaipulizie upepo wa magurudumu. Upepo ule una nguvu kupita kiasi, na mara nyingi umebeba maji na mafuta.

Kuna kisanduku cha chuma pale unapoingia waya wa umeme. Hicho msikifungue hata kidogo. Kinaweza kuhifadhi umeme wa kumdhuru mtu hata baada ya kuchomolewa. Pangusa nje yake tu.

Mkikuta chungu, mende au mjusi amefanya nyumba humo, waondoeni kwa brashi, kisha mtafute tundu walimoingilia.

Laptopu: Kama hakuna mwenye ujuzi, msiifungue. Safisheni matundu ya ubavuni na ya chini kwa brashi kavu. Igeuzeni kibodi itazame chini na kuipigapiga taratibu, makombo yaanguke. Lakini mkiona imevimba kwa chini, au kibodi imeinuka, acheni hapo hapo. Hiyo ni betri imevimba, nayo yaweza kushika moto. Msiichaji tena, msiitoboe, ipelekeni kwa fundi.

Skrini pangusa kwa fulana iliyoloweshwa maji kidogo na kukamuliwa sana. Maji yasitiririke. Kila kitu kikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Sasa tuseme habari ya kitambaa. Akina mama wengi wanaifunika kompyuta kwa kitambaa kizuri cha kushona, na ni jambo jema inapokuwa imezimwa. Ikiwa inafanya kazi, kitambaa kiondolewe, kwa sababu kinaziba pumzi yake. Laptopu nayo isiwekwe juu ya kitanda au blanketi. Mahali pake ni mezani, mbali na moshi wa jikoni.

Kazi hii ifanywe mara mbili kwa mwaka. Mara moja iwe Septemba, vumbi likiwa limejaa na mvua za Oktoba mpaka Desemba hazijaanza. Radi zikianza kupiga, chomoeni waya ukutani. Umeme ukipotea pia chomoeni, kwa sababu ukirudi unaweza kuja na kishindo.

KAZI YA TATU: PUNGUZA

Kompyuta nyingi zetu zinatumia Windows. Maneno tunayoyataja hapa ndiyo mtakayoyaona kwenye skrini.

Kwanza, pima dakika. Tangu kubonyeza kitufe hadi faili ya hesabu ifunguke, ni dakika ngapi? Iandike kitabuni. Bila namba hii hamtajua kama mmefanya kazi au mmecheza.

Pili, izuie kubeba mizigo inapoamka. Bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha la Task Manager litafunguka. Likiwa dogo, bonyeza More details. Tafuta neno Startup. Hapo pana orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi bila kuitwa. Ile usiyoihitaji bonyeza, kisha uchague Disable. Programu haifutiki, inangoja tu mpaka uiite. Ya kulinda virusi iacheni, na ile usiyoijua iache mpaka uulize.

Tatu, ondoa programu zisizotumika. Michezo ya zamani na programu za mwenye mashine wa kwanza ziondolewe kwa njia ya Uninstall. Jihadharini na zile programu zinazotangazwa kwamba zitaifanya kompyuta yako iende mbio kwa kubonyeza mara moja. Nyingi ni mzigo mwingine, na nyingine zina madhara.

Nne, punguza ghala. Sinema za watoto zihamishiwe kwenye flashi yao wenyewe. Andika Disk Cleanup mahali pa kutafutia, chagua diski ya C, na uruhusu ifute takataka. Ukiona neno Downloads kwenye orodha, usilitie alama kabla hujaangalia kilichomo, huenda barua za kikundi ziko humo. Mwisho, mwaga pipa la Recycle Bin. Sehemu moja kati ya tano ya diski ikibaki wazi, mashine inapumua.

Tano, tafuta virusi. Flashi inayozunguka kati ya saiba, shule na nyumbani ndiyo inayoleta virusi kwetu. Windows 10 na 11 zina mlinzi wake ndani, anaitwa Defender. Mpeni nafasi aikague mashine yote, kisha akague na flashi. Msiweke walinzi wawili kwa wakati mmoja, watavutana na mashine itazidi kulala. Na siku mkifungua flashi mkute faili zote zimegeuka kuwa alama ndogo zenye mshale, msilie wala msifute. Mara nyingi ni virusi vimezificha faili, nazo zingalimo. Fundi mwaminifu atazifichua.

Sita, jifunzeni kufunga. Mwenye kurasa kumi na tano za intaneti wazi amempakia punda mitungi kumi na tano. Na usiku mashine izimwe kabisa, si kufunika kifuniko tu.

KAZI YA NNE: PIMA NA MUAMUE

Washa tena, pima dakika, uandike chini ya ile namba ya kwanza. Kama mwendo unatosha kwa kazi zenu, somo limeisha na pesa zimebaki sandukuni.

Kama bado inachelewa, rudi kwenye Task Manager, fungua Performance, na utazame ukiwa umefungua programu zenu za kila siku.

- Memori ikiwa imejaa karibu yote, mgongo ni mdogo. Kompyuta yenye memori ya 4 GB ikiongezwa ifike 8 GB, utaona tofauti. Lakini kila mashine ina aina yake ya memori, na laptopu nyingine haziongezeki. Fundi athibitishe kabla ya kununua.
- Diski ikiwa inakaa kwenye asilimia 100 muda mrefu, na ni ya zamani ya kuzunguka, ibadilisheni kwa ile isiyozunguka, inayoitwa SSD. Kwa kompyuta nyingi kuukuu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote.
- Yote mawili yakiwa sawa na bado inapata moto, fundi afungue na kubadilisha ile dawa iliyo kati ya prosesa na kipoozi chake. Hukauka baada ya miaka.
- Kama bodi kubwa ya ndani imekufa au skrini imevunjika, ulizeni bei. Ikikaribia bei ya kompyuta nyingine nzuri iliyotumika, basi yule aliyesimama mkutanoni alisema kweli.

Ulizeni mafundi watatu, na kila mmoja aandike bei yake. Msiiache kompyuta kwa fundi bila kuwa na nakala mbili nyumbani. Diski ya zamani ikitolewa, mrudi nayo. Ndani yake mna vitambulisho vya wanachama wote.

HABARI YA WINDOWS

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 7 ilikuwa imeachwa tangu 14 Januari 2020. Mashine haifi siku hiyo, ila ua likipata tundu hakuna tena anayeliziba, na wezi wa intaneti wanajua. Windows 11 nayo inakataa kompyuta nyingi kuukuu: inataka memori isiyopungua 4 GB, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha yake.

Kuna njia nyingine isiyolipiwa. Linux Mint na Lubuntu ni mifumo ya bure, na Lubuntu imetengenezwa kuwa nyepesi. Pamoja nayo kuna LibreOffice, programu ya bure inayofungua barua na hesabu zilizoandikwa kwa Word na Excel. Unaweza kuijaribu mifumo hii kutoka kwenye flashi kabla ya kuiweka, uone kama kikundi kitaizoea. Kuiweka kabisa kunaweza kufuta diski, kwa hiyo Kazi ya Kwanza inakuja mbele tena. Na kama kompyuta ni ya kuandika hesabu tu, mnaweza kuiweka mbali na intaneti na kuendelea nayo.

IKIFA KABISA

Msiichome wala kuitupa korongoni. Ndani mna risasi na sumu nyingine, na maji ya korongo ndiyo tunayochimba mchangani kiangazi kikifika. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea vyombo vya umeme vilivyokufa. Vikundi kadhaa vinaweza kukusanya vyao pamoja na kuvisafirisha mara moja. Diski itolewe kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kompyuta yetu ikiibwa usiku wa leo, tungeweza kesho kumwambia kila mwanachama akiba yake?
2. Ni nani anajua neno la siri? Akiugua au akihama, itakuwaje?
3. Watoto wa nyumbani watumie kompyuta ya kikundi namna gani bila kuzuiwa masomo na bila kuhatarisha hesabu?
4. Pesa ambazo tungenunulia kompyuta mpya zingefanya nini kingine mwaka huu?

KAZI YA NYUMBANI

Chagueni watu wawili, kijana mmoja na mtu mzima mmoja, wawe walinzi wa kompyuta. Kijana amfundishe mama kunakili, na mama amfundishe kijana kulinganisha hesabu ya kwenye skrini na ya kitabuni. Kila mkutano wa mwezi walete flashi zote mbili na kitabu. Wasome salio mbele ya wanachama wote, kisha waseme kompyuta ilichukua dakika ngapi kufunguka mwezi huo.

Silanga letu tunalitoa tope kwa mwethya kila kiangazi, maji yasije yakakosa pa kukaa. Na hii pia ni kazi ya mwethya. Msimwachie katibu peke yake.